Wapagazi wetu walipewa sanamu, wafu wa Woodenbridge wana majina

Ukizunguka vijiji vya Uingereza, karibu kila kimoja kina mnara wa wafu wa vita, na mingi imetimiza miaka mia. Ukivuka bahari ukaingia Jamhuri ya Ayalandi, mambo ni tofauti: vijiji vingi havina, na minara mingi iliyopo ni ya juzi juzi. Woodenbridge ni kijiji kidogo cha Wicklow, pale mto Aughrim unapoingia mto Avoca. Bustani yake ya kumbukumbu ilifunguliwa mwaka 2014, na mawe yake yana majina zaidi ya 1,100 ya watu wa kaunti hiyo waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza.

Baadhi yetu Waafrika Mashariki tunaoishi huku tunapenda kusema wenzetu Waayalandi wanajua kuheshimu wafu wao, sisi hatujui, maana wapagazi wetu waliolibebea mizigo jeshi la Uingereza katika vita hivyo tumewasahau. Hoja hiyo siikubali. Waayalandi waliwanyamazia wafu wao kwa miongo mingi, na kwa makusudi. Walichotuzidi ni karatasi.

Woodenbridge haikuchaguliwa ovyo. Tarehe 20 Septemba 1914, siku mbili baada ya sheria ya kuipa Ayalandi, iliyokuwa chini ya Uingereza, utawala wa ndani kusainiwa na kuahirishwa papo hapo, mwanasiasa John Redmond alisimama kijijini hapo mbele ya vijana wa jeshi la kujitolea la wazalendo wa Kiayalandi. Aliwataka wasiishie kulinda nyumbani, waende popote mapigano yalipo, upande wa Uingereza. Jeshi hilo likapasuka. Wengi walibaki upande wake. Wachache waliokataa, kama 12,000 kati ya watu 180,000 hivi, ndio waliotoa sehemu kubwa ya waasi wa Pasaka 1916, walioinuka Dublin dhidi ya utawala wa Uingereza. Waingereza walipowapiga risasi viongozi wa uasi huo, upepo uligeuka. Kijana aliyeagwa kwa bendi ya muziki alirudi kijijini akiwa kibaraka wa mkoloni. Aliyekufa hakutajwa tena hadharani.

Ukimya huo una ushahidi wa mawe. Bustani ya kitaifa ya wafu wa vita pale Islandbridge, Dublin, ilikamilika mwishoni mwa miaka ya 1930, lakini ufunguzi rasmi ulisubiri hadi 1988. Katikati hapo ilioza na kuota magugu. Hata vita vya pili vina doa lake: askari wapatao 5,000 walioliacha jeshi la Ayalandi, nchi isiyofungamana na upande wowote, wakaenda kupigana na Hitler, mwaka 1945 walifungiwa kazi za serikali kwa miaka saba. Msamaha ulikuja 2013, wengi wakiwa wameshakufa. Na katika kaunti hiyohiyo ya Wicklow, Wajerumani 134 wamelala Glencree kwenye makaburi yanayotunzwa tangu 1961, wakati Woodenbridge haikuwa hata na jiwe kwa ajili ya watu wake. Basi tusiambiane kwamba watu hawa walizaliwa wakijua kuheshimu wafu.

Ila walipoamua kukumbuka, majina waliyakuta yamekaa kwenye makabati. Msingi wa kazi yote ni sensa ya tarehe 2 Aprili 1911, ambayo leo inasomwa bure kwenye tovuti ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Dublin. Kila kaya ilijaza Fomu A: jina, uhusiano na mkuu wa kaya, dini, kama anajua kusoma, umri, kazi, mahali alipozaliwa, lugha, na kwa mwanamke aliyeolewa, watoto wangapi amezaa na wangapi wako hai. Chini kabisa mkuu wa kaya ametia saini, au ameweka alama ya X kama hajui kuandika. Kibarua wa shamba asiye na ng'ombe hata mmoja ana ukurasa wake, na wanawe wamepangwa mmoja mmoja kwa umri.

Hatua ya pili ni hifadhidata ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Inatoa namba ya askari, kikosi, tarehe ya kifo, na mara nyingi majina ya wazazi na kitongoji chao. Mtu anachukua kitongoji hicho anakilinganisha na Fomu A. Kisha zinafuata kadi za medali, daftari za fedha alizoacha askari na nani alilipwa, na wosia. Dublin peke yake ina wosia kama 9,000 wa askari wa Kiayalandi, mwingi ukiwa ni mistari michache tu kwenye kijitabu cha mfukoni: vyote nilivyonavyo apewe mama.

Makosa yapo tele. Mafaili ya utumishi wa askari wa kawaida yaliungua London katika mashambulizi ya Septemba 1940. Zaidi ya nusu yalipotea, kwa hiyo kukosa faili si dalili kwamba mtu hakwenda vitani. Kitabu cha taifa cha wafu wa vita, juzuu 8, kilichochapwa 1923 kina majina zaidi ya 49,000, lakini kiliingiza Waingereza waliotumikia vikosi vya Kiayalandi, na kiliwaacha Waayalandi wengi waliojiunga na majeshi ya Kanada, Australia au Marekani. Hao hutafutwa kwenye hifadhi za nyaraka za nchi hizo. Wengine waliandikishwa kwa majina ya uongo. Umri wa wazazi nao usiuamini sana: pensheni ya wazee wa miaka 70 ilianza Januari 1909, na ghafla kati ya sensa ya 1901 na ile ya 1911 watu wengi walizeeka kwa zaidi ya miaka kumi. Nani angewalaumu?

Sasa turudi nyumbani. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam ni ya 1927, ile ya Nairobi ni ya 1928. Maandishi yake, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu na za Kirumi, yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, watoto wako watalikumbuka jina lako. Zunguka sanamu nzima utafute jina. Hakuna hata moja.

Na Muayalandi angalau alijiandikisha mwenyewe, kwa siasa au kwa mshahara. Sheria ya kuwalazimisha haikuwahi kutekelezwa kwao. Wapagazi wetu, hasa katika msako mkubwa wa 1917, wengi walikamatwa kupitia machifu. Waliuawa zaidi na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na unga ambao matumbo yao hayakuuzoea na muda wa kuupika haukuwepo. Baada ya vita gavana wa Tanganyika alitaka makaburi yao makubwa ya Dar es Salaam na kwingineko yaachwe yarudi kuwa pori haraka iwezekanavyo. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni.

Radhi haijazi daftari. Mwaka 1914 mkoloni alihesabu vibanda ili atoze kodi. Waliolala ndani hawakumhusu. Kipande, kitambulisho cha lazima kwa wanaume Waafrika, kilianza kutumika Kenya vita vikiwa vimekwisha, na sensa ya maana Afrika Mashariki ilisubiri 1948. Orodha za jeshi zilizokuwepo, nyingine zilipotea na nyingine hakuna aliyejisumbua nazo. Kwa hiyo mjukuu wa mpagazi hana Fomu A ya kuanzia.

Alicho nacho ni ukoo, na hapo ndipo ningependa vikundi vyetu vya ughaibuni vipeleke michango, kabla ya sanamu nyingine. Kwa kila aliyepotea yaandikwe: jina lake na la baba yake, ukoo, kijiji na chifu wa wakati ule, mwaka aliochukuliwa, mahali alipoonekana mara ya mwisho (Voi, Dodoma, Kilwa, Lindi), na jina la mwenzake aliyerudi na habari. Mwenzake huyo ni muhimu kuliko tarehe, kwa sababu kupitia kwake habari za koo mbili zinaweza kukaguliwa. Nakala moja ibaki kwenye familia, nyingine iende maktaba ya kaunti au mkoa, ya tatu Tume, ambayo bado inatafuta majina Kenya.

Tume itauliza mambo mawili: alitumikia jeshi, na alikufa kati ya 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921. Aliyefia kazini anahesabiwa kwa sababu yoyote, hata mafua ya 1918. Aliyefia njiani akiwa ameshaachishwa anahitaji kuthibitishwa kwamba ugonjwa aliutoa vitani, na cheti cha daktari hana. Kanuni hiyo ndiyo ya kuibana Tume ilegeze.