Hawaii nauli zilishuka, sisi kwetu Tanzania kinachotuokoa ni boti

Nikiwaambia watu wa nyumbani nimeenda likizo Hawaii wanaona tayari nimekuwa tajiri, aisee sivyo. Kwa sisi tunaoishi pwani ya California, Hawaii ndo Zanzibar yetu, kila mtu anaenda, hata fundi bomba anaenda na familia, tofauti ni kwamba Zenji kutoka Dar ni dakika ishirini za ndege au masaa mawili ya boti, huku ni masaa matano na ushee juu ya maji matupu na boti hakuna. Hiyo ya boti naomba muishike maana naifikia.

Mwezi wa tatu 2019 Southwest, kampuni ya ndege za bei nafuu ya Marekani, wakaanza kuruka kutoka Oakland, California kwenda Honolulu, mji mkuu wa Hawaii, ofa ya kuanzia dola 49 kwenda tu, na ilipofika mwezi wa nne wakaingia na kisiwa kwa kisiwa kwa dola 29. Zile tiketi za ofa ziliisha chap, ila utamu haukuwa hapo, utamu ni kwamba wakongwe waliokuwa wamejikalia na ruti zao nao ikabidi washushe. Wizara ya Uchukuzi ya huku Marekani ilishaliandika hili tangu 1993, kwamba Southwest akiingia ruti nauli zinashuka kwa wote na abiria wanaongezeka.

Mtu wa Dar atasema si ndo Fastjet hiyo, zile ndege za bei nafuu? Ndo yenyewe. Novemba 2012 walikuja na tiketi za kuanzia sh 32,000 kabla ya kodi, Dar–Mwanza, Dar–Kilimanjaro, watu waliozoea kuvimba miguu kwenye basi wakaonja ndege kwa mara ya kwanza. Kufika mwisho wa 2018 madeni yamewakaba, ndege hakuna, imesimama.

Hapo ndo wengi wanasema Bongo hatuwezi, wenzetu wanaweza. Mimi nakataa. Hawaii yenyewe ilishapitia hayo hayo tena vibaya zaidi. 2006 ilikuja kampuni inaitwa go!, nauli ya kisiwa kwa kisiwa dola 39, ikashuka mpaka 19, wananchi wanashangilia, huku mafuta yanapanda bei. Tarehe 31 Machi 2008 Aloha Airlines, ndege zilizokuwepo tangu 1946, zikaacha kubeba abiria, wafanyakazi kama 1,900 wakabaki barabarani, na nauli zikarudi juu. Na go! mwenyewe akafungasha 2014. Kwa hiyo wakuu, nauli ikishuka ghafla mimi siku hizi nanunua kwanza halafu naanza kujiuliza ni nani anakufa.

Na huko Hawaii kampuni za ndege tayari zimeanza kupungua tena. Septemba 2024 kampuni ya ndege ya Alaska walikamilisha kuinunua Hawaiian, kampuni kongwe ya ndege ya huko, kwa dola bilioni 1.9, serikali ikawawekea masharti ya miaka sita wasipunguze huduma muhimu za kisiwa kwa kisiwa. Southwest nao tangu mwezi wa tano 2025 ile habari ya mabegi mawili bure wameifuta kwa abiria wengi, na sisi Waswahili mnatujua, hata safari ya wikiendi tunabeba kama tunahama.

Sasa turudi kwenye boti. Mwenye ndege ya Dar–Zenji anajua kabisa akizidisha bei mtu anashuka pale bandarini anapanda fasta feri, mkazi analipa bei yake, mgeni bei yake, anafika. Huyo ndo mshindani wa kweli, na hafi kirahisi maana anabeba watu, magunia na magodoro. Hawaii nao walijaribu boti, feri iliyoitwa Superferry ilianza 2007, kesi za mazingira zikaikamata, Machi 2009 ikafa. Leo mgonjwa wa kisiwa cha Molokai akihitaji daktari bingwa Honolulu njia ni ndege tu, bei wanayotaja ndo hiyo hiyo. Mtu anaona picha za minazi anadhani kule ni raha tu.

Ndo maana watu wakilalamika nauli ya Mafia kuwa kubwa halafu suluhisho lao ni iletwe kampuni nyingine ya ndege, naona tunaanza pasipo penyewe. Vindege vile vya abiria kumi na kitu vitatu au vinne vikigombania watalii wachache, atabaki mmoja na bei itakuwa ya kwake. Weka feri za uhakika kutoka Nyamisati kule bara mpaka Kilindoni kisiwani Mafia, za kila siku, zinazoondoka saa iliyoandikwa, siyo mtu analala Nyamisati hajui anaondoka lini. Pemba vivyo hivyo. Mtalii wa haraka atapanda ndege, mwenyeji na mimi niliyekuja na mabegi tutapanda feri, na mwenye ndege ataona viti vitupu ashushe bei mwenyewe bila kubembelezwa.