Binti Mwenyewe Aulizwe Kwanza

Tangu nihamie Minnesota, Marekani, jambo lililonifanya niitazame upya nchi yangu kuliko jingine lolote ni namna watu wa huku wanavyomshughulikia msichana aliyepata ujauzito akiwa bado mdogo na ambaye anaona hataweza kulea. Kwetu Tanzania, mama anayekubali mtoto wake aasiliwe na watu baki, yaani awe mtoto wao kisheria, huhesabiwa kuwa amemtupa, na tendo lake tunaliweka kapu moja na la yule aliyemwacha kichanga jalalani. Naamini tunamdhulumu.

Binti wa mfanyakazi mwenzangu alijifungua akiwa na miaka 17. Katika miezi ya mwisho ya ujauzito aliletewa albamu za familia zilizokuwa zikitafuta mtoto wa kuasili, na jioni moja nilimkuta mezani jikoni kwao akizipitia. Nyumba kubwa zenye bustani alizipita haraka. Aliposimama ni kwenye picha ya mwanamke aliyekuwa amempakata mtoto wa ndugu yake, akimsuka. Akasema kwamba mwanawe atakuwa na nywele kama zake, na huyu angalau anajua kuzishika. Kwa macho yangu, huyo alikuwa mama anayefanya kazi ya umama, na sijui mtu angewezaje kumwita mtupaji.

Sheria ya jimbo hili inampa muda. Ridhaa haiwezi kusainiwa kabla ya saa 72 kupita tangu mtoto azaliwe, na hata akishasaini anazo siku 10 za kazi za kubadili nia. Kwa kuwa hajafikisha miaka 18 na hajaolewa, wazazi wake nao hutakiwa kuridhia, naye lazima apewe nafasi ya kushauriana na wakili, kiongozi wa dini au daktari. Pande mbili zikikubaliana kuhusu barua, picha au kutembeleana, makubaliano hayo yanaweza kuingizwa katika amri ya mahakama. Uangalifu huu haukuwapo zamani: katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili, wasichana wengi wa Marekani walifichwa kwenye nyumba maalumu hadi wajifungue, kisha wakashinikizwa kutia saini.

Hata hivyo kuna jambo la huku ambalo limekataa kunitoka moyoni. Familia inayoasili kupitia wakala binafsi inaweza kutumia makumi ya maelfu ya dola, ilhali msichana yule aliniambia kwamba angepata mtu wa kukaa na mtoto yeye akiwa darasani, huenda asingezifungua zile albamu kabisa. Nyumbani mtu huyo yupo, naye ni bibi. Watoto wangapi tunaowajua wamelelewa na bibi zao, wakashiba, wakasoma, bila kuulizwa na mtu yeyote ni wa nani? Utajiri huo Wamarekani wengi hawana, na ningesikitika sana kuona tunaupoteza.

Lakini katika utajiri huohuo kuna mtu asiyesikilizwa. Binti mmoja wa ukoo wetu alipata mimba akiwa kidato cha pili, enzi ambazo shule za serikali zilikuwa zikiwafukuza wenye mimba, kabla ya agizo la Novemba 2021 kuwaruhusu kurudi. Wazee waliketi kikao, wakaamua mtoto abaki kwa bibi na binti apelekwe mjini kujifunza ushonaji. Yeye alikuwa uani akiosha vyombo muda wote wa kikao. Leo mtoto wake anamwita dada, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama alilitaka hilo.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kuasili kupitia Mahakama Kuu na inahitaji ridhaa ya mzazi, kwa hiyo njia halali ipo, ila msichana wa kijijini husikia habari zake mara chache mno, na akizisikia husikia pamoja na matusi. Kwa ndugu zetu Waislamu, najua, kumlea mtoto wa mwingine ni thawabu lakini kumkata nasaba yake hakukubaliki, na hilo liheshimiwe kikamilifu. Nalo pia ni jambo la kumweleza binti mapema, kwa upole, kabla hofu haijamsukuma kujifungulia chooni peke yake.

Ninachowaomba wazazi wenzangu ni kwamba bibi aendelee kuwapo, mlango wa shule ubaki wazi, na binti aitwe aketi ndani ya kikao hicho na kusema. Iwapo baada ya yote hayo bado anasema hawezi, basi mama yake mzazi amsindikize kwa afisa ustawi wa jamii mchana kweupe, kama ambavyo angemsindikiza kliniki.