Siku ya Bustani ya Shule Iwekwe Likizo

Napenda sherehe za bustani za shule, na kwa sababu nazipenda, zinaniuma. Wazazi hufika asubuhi na majembe, watoto hupanda miche kwa zamu, mgeni rasmi hupanda wa kwake na kupigwa picha, hotuba husomwa, watu wakala na kutawanyika. Majuma machache baadaye shule inafungwa. Mwalimu mlezi wa bustani anakwenda kwao, mlinzi ana lango la kulinda, matuta yanaachiwa jua. Shule ikifunguliwa watoto wanakuta magugu, na vibao vyenye majina ya mboga ambazo hazipo tena.

Kwa maoni yangu, jamii inayotaka kuiunga mkono bustani ya shule ikusanyike pale bustani inapohitaji watu, na bustani ya shule haihitaji watu wakati wowote kama inavyowahitaji likizo.

Kalenda ya masomo haikupangwa kwa kufuata mimea. Mboga nyingi za majani huanza kuchumwa kati ya wiki 4 na 8 tangu kupandwa; zile za matunda na za mizizi huchukua miezi 2 hadi 4. Ukizindua bustani katikati ya muhula, mavuno yake yana kila uwezekano wa kuangukia siku ambazo hakuna mtoto hata mmoja shuleni. Mche uliohamishwa kutoka kitaluni bado una mizizi mifupi, iliyo karibu na uso wa udongo, na huo uso ndio unaokauka kwanza. Siku chache za jua kali bila maji zinatosha kuumaliza. Hapo hata mwalimu mwenye moyo wa namna gani hawezi kuiokoa bustani peke yake.

Kwa hiyo naomba tuanze na siku moja kabla ya kufunga shule. Watu waje na nyasi kavu na majani, watandaze matandazo mazito kwenye matuta yote, wakiacha nafasi kidogo kuzunguka shina ili lisioze. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja kwa watu wengi, nayo huuzuia udongo usipoteze maji upesi na huyanyima mwanga magugu yanayotaka kuota. Siku hiyohiyo ipangwe zamu ya likizo, familia kwa familia, na majina yabandikwe mahali pa wazi. Kanuni ya zamu iwe nyepesi: anayemwagilia anachuma. Halafu katikati ya likizo watu wakutane tena wapalilie, wavune na kupika pamoja palepale, watoto wakiwepo. Sherehe ya namna hiyo ndiyo ningependa kualikwa.

Najua walimu wakuu watasema nini. Nani atakaa na funguo? Kitu kikiibiwa atalaumiwa nani? Maswali hayo ni ya haki na hayajibiwi kwa shangwe. Yajibiwe kwa maandishi: watu wawili wanaojulikana wakabidhiwe funguo za lango na za stoo ya vifaa, daftari la kuingia na kutoka liwepo, na kamati ya wazazi ibebe dhamana hiyo pamoja na mwalimu mkuu. Shule isiyoweza kufungua lango kabisa ipande kidogo, tena kwa hesabu, ili ivune kabla ya kufunga. Tuta moja lililovunwa linamfundisha mtoto kuliko matuta kumi yaliyokauka.

Historia nayo inaonyesha jinsi hamasa inavyopita. Mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya Marekani iliunda Jeshi la Bustani za Shule, watoto wakahimizwa kulima kama sehemu ya juhudi za vita. Vita vikaisha, fedha za serikali zikakatika, na mpango ule ukafifia. Ulinganishe na bustani iliyoanzishwa mwaka 1995 katika shule moja ya Berkeley, California, kwa msukumo wa mpishi Alice Waters. Hiyo ipo hadi leo. Naamini imedumu kwa sababu iliunganishwa na jiko na masomo ya kila siku: mtoto analima, anapika, anakula, na somo lake linaendelea humohumo.

Jambo jingine haliwezi kungoja. Palipo na desturi ya kumpeleka bustanini mtoto aliyechelewa au aliyepiga kelele darasani, sherehe yoyote ni kazi bure. Huwezi kumwadhibu mtoto kwa jembe siku nne halafu siku ya tano umwimbishe kwamba kilimo ni fahari. Friedrich Fröbel, mwalimu wa Ujerumani aliyeanzisha shule za chekechea karibu karne mbili zilizopita, alitaka kila mtoto awe na kitalu chake kidogo pamoja na sehemu za wote. Mtoto mwenye mche wake huuliza habari zake hata akiwa nyumbani, na mtoto wa hivyo ndiye atakayemvuta mzazi wake kuja zamu ya likizo.

Katika mikusanyiko hii, kinachonifurahisha kupita vyote ni kubadilishana mbegu. Mbegu chotara huzaa vizuri msimu wa kwanza, lakini ukitunza mbegu za mazao yake, kizazi kinachofuata hakifanani na mzazi. Shule inayotegemea hizo peke yake lazima inunue tena kila msimu. Mbegu za kienyeji zilizotunzwa vizuri hurudi zilivyo, hasa za mimea inayojichavusha yenyewe, kama mingi ya jamii ya kunde. Wanaojua kuzichagua, kuzikausha na kuzihifadhi mara nyingi ni wazee ambao hakuna aliyewahi kuwaita mbele ya darasa. Waitwe. Wapewe muda ule ambao angepewa mgeni rasmi. Watoto waandike kwenye bahasha aina ya mbegu, mwezi ilipovunwa na jina la aliyeitoa. Mboji nayo ina nafasi yake siku hiyo. Majirani walete maganda na mabaki ya mboga, wasilete nyama wala mafuta yanayoita panya.

Tusiwadanganye wazazi, hata hivyo, kwamba bustani italisha shule nzima. Nyingi hazina eneo wala maji ya kutosha. Chakula cha kila siku kitatoka kwa wakulima, na hapo ndipo mkusanyiko unapaswa kuvuka uzio wa shule. Brazil ilipitisha sheria mwaka 2009 iliyotaka angalau asilimia 30 ya fedha za taifa zinazotengwa kwa chakula cha shule zinunue mazao ya wakulima wa familia. Shule haihitaji kusubiri sheria ili iwakutanishe mkulima wa jirani na anayenunua chakula cha wanafunzi. Wakae meza moja siku ya mavuno, waulizane kinapatikana nini, mwezi gani, kwa kiasi gani. Mazungumzo hayo yana thamani kuliko hotuba zote za asubuhi.

Na kwa wafadhili, wakubwa kwa wadogo: mkiletewa barua ya kuchangia uzinduzi, ulizeni kwanza ratiba ya kumwagilia wakati wa likizo. Ikiwa haipo, gawanyeni mchango wenu. Nusu inunue vifaa sasa, nusu ibaki hadi shule itakapofungwa, ilipie maji, matandazo na chakula cha watu watakaokuja zamu.