Mwacheni mtoto wa tarantula atulie shimoni mwake

Kopo lilikuwa na ukubwa wa kikombe cha kahawa. Juu ya kifuniko chake palibandikwa karatasi yenye jina la kisayansi, Pterinochilus murinus, na chini yake neno moja lililonisimamisha: Usambara. Mimi nimezaliwa Korogwe, chini ya milima hiyo, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja ningelikuta jina lake katika ukumbi wa mjini Hamm, nchini Ujerumani, ambako wafugaji wa nyoka, mijusi na buibui hukusanyika mara kadhaa kwa mwaka kuuziana wanyama. Ndani ya kopo alikuwamo mtoto wa tarantula, yaani jamii ya buibui wakubwa wenye manyoya, ambaye, hata ukimpima kutoka ncha ya mguu hadi ncha ya mguu, hakuzidi upana wa ukucha wa kidole gumba. Nilimnunua palepale. Baada ya wiki tatu akafa, na aliyemuua ni mimi, kwa kumhudumia kupita kiasi.

Kwa maoni yangu, watoto wengi wa tarantula wanaofia mikononi mwa wafugaji wapya hawafi kwa kupuuzwa. Wanakufa kwa sababu mfugaji humtazama kiumbe huyo mdogo kama anavyomtazama kifaranga: anadhani anahitaji taa ya joto, chakula cha kila siku, na jicho lisilobanduka. Muuzaji wa duka moja la wanyama aliniuzia mkeka wa umeme wa kupashia joto, akanieleza kwamba buibui wa Afrika hawezi kuishi bila huo, nami nikauweka chini ya kopo kwa furaha ya mtu anayemtendea mgeni wake mema. Sikujiuliza buibui huyo hufanya nini kwao jua linapokuwa kali. Huchimba, kwa kuwa chini ndiko kwenye ubaridi na unyevu. Mtoto yule alipohisi joto alifanya kile ambacho kizazi chake kimefanya siku zote, akachimba kuelekea chini, na huko chini nilikuwa nimemwashia jiko.

Nilimkuta amekunja miguu yote chini ya kifua kama ngumi iliyofumbwa. Baadaye ndipo nilipofahamu maana ya mkunjo huo. Buibui ana misuli ya kukunja miguu, lakini katika viungo vikuu vya mguu hana misuli ya kuinyoosha. Huinyoosha kwa kusukuma umajimaji wa mwili wake uingie miguuni. Maji yakimpungukia, msukumo hupotea na miguu hujikunja. Mtoto yumo hatarini kuliko mkubwa, kwani ngozi yake bado ni nyembamba na haizuii vizuri maji yasipotee, na mwili wenyewe ni mdogo kiasi kwamba hauna akiba.

Wa pili nilimlea kwa namna nyingine kabisa. Nilitumia kopo dogo lenye kina kuliko upana, nikatoboa matundu membamba pembeni kwa sindano ya moto ili hewa ipite, kisha nikalijaza usumba wa nazi zaidi ya nusu. (Ni usumba uleule ambao kwetu pwani husokotwa kamba, huku huuzwa ukiwa umesagwa na kushindiliwa kama tofali.) Nilishindilia kiasi ili shimo lisibomoke, nikalowesha upande mmoja tu na kuuacha wa pili ukiwa mkavu, ili mwenyewe achague pa kukaa. Kifuniko cha chupa ya soda kilitosha kuwa chombo cha maji. Wapo wanaoogopa kwamba atazama, lakini buibui wa aina hii hapumui kwa kinywa anachonywea bali kwa mapafu yaliyo upande wa chini wa tumbo, na kifuniko chenye maji ya milimita chache hakimwezi. Nafasi tupu ya juu iwe fupi. Tumbo la tarantula ni laini mno, na akipanda ukuta wa kopo refu kisha akaanguka, tumbo linaweza kupasuka. Joto la chumba, nyuzi 22 hadi 26 za Selsiasi, lilimtosha bila kifaa chochote.

Kuhusu chakula nitasema machache. Nyenje mdogo asiyezidi ukubwa wa tumbo la buibui, mara moja au mbili kwa wiki, anatosha. Na kama buibui ni mdogo sana, kipande cha paja la nyenje aliyekwisha kufa kitaliwa vilevile. Mabaki yaondolewe kesho yake kwa kibano, kwa sababu huota ukungu.

Linalowashinda wengi ni kusubiri. Mtoto huyu hukua kwa kujivua gamba, na kabla ya hapo hukataa chakula kwa siku nyingi, pengine kwa wiki kadhaa, akaziba mlango wa shimo kwa udongo na utando. Hapo ndipo wasiwasi humvaa mfugaji, akachukua kijiti na kulifukua shimo ili ahakikishe kwamba mnyama yu hai. Nawasihi msifanye hivyo. Anapojivua, buibui hulala chali, miguu juu, na asiyejua humdhania maiti; kumbe anavuta kila mguu kutoka katika ala yake ya zamani, na akisukwasukwa wakati huo anaweza kupoteza mguu au uhai. Nyenje aliyeachwa ndani anaweza kumtafuna akiwa hana uwezo wa kujitetea. Hata baada ya kumaliza, meno yake huwa meupe na laini, kisha huwa mekundu, na hatimaye meusi. Mpaka yawe meusi asipewe windo.

Yupo atakayeniuliza kuna raha gani kumfuga mnyama asiyeonekana wala kushikwa. Swali hili nimeulizwa na jamaa zangu wa Korogwe na wa huku pia, na jibu langu ni kwamba raha ya mfugaji isiwe sababu ya kumsumbua mfugwa. Tarantula hapati faida yoyote kwa kutembezwa kiganjani, na huyu wa Usambara hana subira kabisa. Jamaa zake wengi wa Amerika hujikinga kwa kupukuta nywele zinazowasha kutoka tumboni, lakini buibui wa Afrika hawana nywele hizo. Yeye hukimbia kwa kasi isiyofuatika kwa jicho, au huinua miguu ya mbele na kuuma, na kuumwa na mkubwa wake huleta maumivu makali na mikazo ya misuli inayoweza kurudi kwa siku kadhaa. Kwa hiyo, pamoja na mapenzi yangu kwa jina lililo kwenye ile karatasi, simshauri mtu aanze na huyu. Aanze na mtoto wa Tliltocatl albopilosus wa Amerika ya Kati, ambaye hukua taratibu na husamehe makosa mengi, na amnunue kwa mtu aliyemzalisha nyumbani. Mfuko mmoja wa mayai hutoa watoto wengi, na mimi sioni haki yoyote ya kwenda kumchimbua mama yao porini.

Wa pili wangu sasa yumo katika mwaka wa tatu. Gamba alilolivua mara ya mwisho nililirowesha, nikalitandaza chini ya lenzi, nikaona kwa ndani kile kifuko cha kuhifadhia mbegu za dume kinachothibitisha kwamba ni jike; Mungu akipenda, nitaishi naye miaka mingi, tofauti na dume ambaye hufa muda mfupi baada ya kukomaa. Leo ni siku ya kumi na tisa tangu azibe mlango. Asubuhi nimejaza maji katika kifuniko cha soda, nimelowesha ule upande wake mmoja, na kopo nimelirudisha rafuni.