Mikimbio 112, kisha benchi

Fungua jedwali la rekodi za kriketi ya Testi, ile ya kimataifa ya siku tano, umtafute Andy Ganteaume. Mstari wake ni mfupi mno: mechi 1, zamu 1 ya kupiga, mikimbio (ndiyo pointi za kriketi) 112, wastani 112.00 kwa kila alipotolewa. Don Bradman, bingwa wa wapigaji wote, aliishia na wastani wa 99.94.

Mimi mstari ule huniuma kila nikiuona.

Ilikuwa Februari 1948, uwanja wa Queen's Park Oval, Port of Spain, nyumbani kwao Trinidad. Jeff Stollmeyer alikuwa majeruhi, ndipo Ganteaume, mwenye miaka 27, akaitwa kufungua zamu ya West Indies, timu ya pamoja ya makoloni ya Karibea, dhidi ya Uingereza. Yeye na George Carew wakaweka mikimbio 173 kabla ya wiketi ya kwanza kuanguka, yaani kabla mmoja wao hajatolewa. Carew akatoka na 107. Ganteaume akabaki, akijenga kidogo kidogo, maana kazi ya mpigaji wa kwanza ni kuuchakaza mpira na kuwachosha warushaji ili wenzake wakija wakute njia nyeupe.

Katikati ya zamu kikaletwa kikaratasi uwanjani. Kilitoka kwa nahodha wake, Gerry Gomez: muda unatupita, ongezeni kasi. Alipotolewa alikuwa amekaa kwenye wiketi kama saa nne na nusu. Muda wa mechi ukaisha bila mshindi, ikawa sare, na Testi nyingine hakupewa kamwe. Sababu inayorudiwa hadi leo ni kwamba alipiga polepole.

Siikubali. Timu yake ilifikisha 497! Na njia nyeupe ile aliipitia Frank Worrell, aliyekuwa naye akicheza Testi yake ya kwanza, akapiga 97. Sare yenyewe aliichangia zaidi Jack Robertson kwa 133 zake katika zamu ya pili ya Uingereza. Halafu mtazame Billy Griffith wa Uingereza: mechi hiyo hiyo, naye mgeni wa Testi, naye ameingizwa kwa sababu wenzake wameumia, akapiga 140. Huyo alipata mechi mbili zaidi.

Tusidanganyane, timu ile haikuteuliwa kwa uwezo wa uwanjani peke yake. Mechi nne za mfululizo ule dhidi ya Uingereza ziliongozwa na manahodha watatu, kila koloni likivutia kwake. Na unahodha, ukiacha mechi moja aliyopewa George Headley, ulikuwa kama mali ya Wazungu, hadi Worrell alipokabidhiwa mfululizo mzima mwaka 1960. Ganteaume hakuwa wa tabaka lile. Mtu wa namna yake alihitaji mtetezi chumbani wanapokaa wateuzi, na 112 haikutosha kumtetea.

Mwaka 1957 wakamkumbuka. Wakasafiri naye hadi Uingereza, akiwa na miaka 36. Zikachezwa Testi tano, zote akitazama. Alifariki Februari 2016, akiwa na umri wa miaka 95.