Bakteria wa udongo na mfuko wa mbolea: soya imsikilize nani?

Mjadala wa afya ya udongo umegawa watu. Wapo wanaosema mbolea za viwandani zimeua udongo, turudi kwenye samadi na mboji, vijidudu vitamaliza kazi. Wengine wanawakumbusha Sri Lanka: mwaka 2021 serikali ilipiga marufuku mbolea za kemikali, mavuno ya mpunga yakaporomoka, na kabla mwaka haujaisha marufuku ikalegezwa.

Mimi naanzia shambani. Ng'oa mche wa soya unaoanza kutoa maua, upasue kinundu kimoja cha mzizi kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, bakteria wa raizobia wako kazini: wanachukua naitrojeni ya hewani na kuupa mmea, nao unawalipa sukari. Kikiwa cheupe au kijani, wanakula bure. Kuna paketi za bakteria hawa za kupaka mbegu kabla ya kupanda (Kenya ipo Biofix), na kwa ekari moja ya soya gharama yake haikaribii ya mfuko wa urea, mbolea ya naitrojeni.

Ila ushabiki hapa huvuka mipaka. Mahindi hayaoti vinundu hivyo. Fosforasi, kirutubisho kingine cha mmea, nayo haitoki hewani. Fangasi wa mizizi wanaweza kuifuata mahali ambapo mzizi haufiki, lakini udongo usiokuwa nayo hauna cha kuchukuliwa. Na bakteria ni viumbe hai: paketi iliyochomwa na joto la bati dukani ni vumbi tu, hata kama tarehe bado.

Watu wa mbolea nao wasitambe. Magharibi mwa Kenya, udongo ambao tayari una asili ya tindikali umepewa DAP (mbolea ya kupandia yenye naitrojeni na fosforasi) msimu baada ya msimu, na tindikali ikazidi. Humo raizobia wanadhoofika, na fosforasi inashikwa na madini ya chuma na alumini. Mkulima anaongeza mbolea, gunia haliongezeki. Ruzuku inayoishia kwenye mbolea bila chokaa ya kupunguza tindikali naiona ni hela ya umma inayozikwa ardhini.

Mwenye ekari ya soya apime udongo kwanza. pH (kipimo cha tindikali; ikishuka, tindikali imezidi) ikiwa chini ya 5.5, atie chokaa mapema. Apandie TSP, mbolea ya fosforasi ambayo haina naitrojeni, na mbegu azipake bakteria kivulini siku hiyohiyo ya kupanda. Urea aiweke kwa ajili ya mahindi ya msimu ujao, na hata hiyo ataipunguza endapo mabaki ya soya, yenye naitrojeni yake, yalibaki shambani na hayakuishia kwa ng'ombe wa jirani.