Shaba Isiyokwisha Katika Mtutu

Baba mkwe wangu anayeishi Likasi aliponiachia bunduki yake ya zamani, baada ya miezi mingi ya kufuatilia kibali chenye mihuri mingi kuliko pasipoti yangu, alinipa sharti moja tu: nisiitundike ukutani kama picha ya harusi. Macho yake yalikuwa yamechoka na hakuweza tena kulenga, lakini alitaka bunduki ile iendelee kupiga shabaha. Nilimjibu kwa unyenyekevu unaompasa mkwe kwamba nitaitengeneza mpaka ipige jicho la inzi. Laiti ningejua, ningemwahidi jicho la tembo.

Ni Mauser ya Ubelgiji, modeli ya 1889, yenye urefu unaokaribia mita 1.3, iliyotengenezwa Herstal, karibu na Liège, katika kiwanda kilichoundwa mwaka huohuo wa 1889 ili kulitengenezea jeshi la Ubelgiji bunduki 150,000 za aina hiyo. Force Publique, jeshi la kikoloni, nayo iliitumia hapa Kongo. Mtutu wake umevikwa bomba jembamba la chuma, ili mbao zikivimba kwa unyevu zisiusukume mtutu na kuupotosha. Ni wazo zuri, ila maji yakishaingia kati ya bomba na mtutu hayana pa kutokea, na mtu anayeishi Lubumbashi, ambako mvua za Desemba huingia hata ndani ya kabati, anaelewa vizuri maana ya jambo hilo.

Nilikwenda kuijaribu kwenye shamba la rafiki yangu, kwenye barabara ya Likasi, ambako kuna kichuguu kikubwa kuliko nyumba, mfano wa vile ambavyo watu wetu huvichimba ili wafyatue matofali. Kichuguu cha namna hiyo humeza risasi bila kulalamika. Nilibandika karatasi mbele yake, nikapima mita 100 kwa hatua, nikalala kifudifudi, nikapiga risasi tano. Kwamba zilikwenda juu halikunishangaza, kwa sababu bunduki nyingi za vita za enzi ile zilitegewa masafa marefu, na mlengaji wa mita 100 hulazimika kulenga chini ya alama. Kilichonisikitisha ni jinsi zilivyotawanyika: ungeweza kuweka sinia la bukari, yaani ugali, la watu sita katikati ya matundu yale na lisiguse hata moja. Mlinzi wa shamba aliitazama karatasi kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa heshima kama tulikuwa watu wawili tuliopiga.

Nyumbani nilifungua mtutu na kuutazama kwenye mwanga. Ndani kuna mifereji minne inayozunguka kuelekea kulia, ambayo kazi yake ni kuizungusha risasi ili iende imenyooka, na mifereji yangu ilikuwa inang'aa kwa wekundu. Risasi huvikwa ganda lenye shaba, na kila inapopita kwa nguvu huacha utando, kama vile bukari unavyoacha ukoko kwenye sufuria. Ukoko wa miaka mingi ulikuwa umejaa humo. Nilicheka peke yangu. Katika jimbo hili wazee walikuwa wakiyeyusha shaba na kuimimina iwe misalaba ya kununulia bidhaa, katika mji huu bomba refu la kiwanda linaonekana kutoka kila mtaa, na sasa mimi nilikuwa nimepata mgodi wangu binafsi, wenye kipenyo cha milimita 7.65.

Dawa ya shaba ni amonia. Huila shaba polepole na kugeuka bluu, kwa hiyo mtu hupitisha kitambaa cheupe kilicholowa amonia, anasubiri, anapitisha kingine, na kitambaa kikitoka bila bluu anajua kwamba shaba imekwisha. Amonia niliinunua kwa wauza rangi. Fimbo ya kusafishia nilikuwa nayo, lakini haikuwa na ncha ya kushikia kitambaa, hivyo nilimwendea fundi mmoja wa kuchonga vyuma, akanitengenezea ncha nzuri sana ya shaba ya manjano, inayong'aa kama pete ya uchumba. Niliisifu mbele ya kila mgeni. Naomba msomaji aikumbuke ncha hiyo.

Kilichobaki kilikuwa kitambaa cheupe. Hapa ndipo nilipotenda kosa ambalo hata sasa sithubutu kulitaja mbele ya wakwe. Mama mkwe alikuwa kwetu Katuba kwa wiki mbili, amekuja kutibiwa macho, na alikuja na shuka lake mwenyewe jeupe la pamba, kwa sababu hapendi kulalia mashuka ya watu. Siku hiyo lilikuwa kwenye kamba, na pembe yake moja ilikuwa imechanika kidogo. Nilijiambia kwamba nitakata ile pembe tu.

Siku ya kwanza vitambaa vilitoka bluu kama sare za wanafunzi. Nilifurahi. Siku ya pili vilitoka bluu vilevile, nikafurahi kidogo. Siku ya tatu pembe ya shuka ilikuwa imekwisha na nilikuwa nimeanza kuufuata upindo, huku kila kitambaa kikiendelea kutoka bluu, si hafifu wala si kali, bali bluu ileile ya siku ya kwanza, kama mshahara usiopanda. Nilipiga hesabu kwenye daftari. Kwa kadiri ya bluu niliyokuwa nimeitoa, mtutu ule ulipaswa kuwa umepungua uzito. Nikaanza kuamini kwamba haukutengenezwa kwa chuma hata kidogo, na kwamba Wabelgiji, waliochukua shaba yetu miaka mingi, walikuwa wameirudisha kidogo kwa kificho.

Siku ya nne niliamua kumaliza ubishi. Niliziba mtutu upande mmoja kwa kizibo cha chupa, nikajaza amonia mpaka mdomoni, na kwa kuwa bunduki si kitu cha kuonyesha majirani, nikafunga madirisha yote ya sebule na kuteremsha mapazia. Kizibo kilikuwa cha chupa ndogo kuliko nilivyodhani. Kilipochomoka, amonia yote ilimwagika kwenye sakafu, tena karibu na mbabula, jiko la makaa, ambayo mke wangu alikuwa ameiweka hapo mlangoni kwa sababu ya mvua, na joto la makaa likaupandisha ule mvuke kama uvumba wa Pasaka.

Watoto walitoka kwanza wakilia. Mke wangu alifuata akilia, ameshika kichwa kwa mikono miwili. Mama mkwe, ambaye daktari alikuwa amemwagiza kuyapumzisha macho yake, alitoka wa tatu, akaanguka kwenye kiti cha uani na kuita jina la mama yake kwa sauti iliyovuka kuta tatu. Mimi nilitoka mwisho, machozi yakinitiririka mpaka shingoni, sina sauti, nimebeba kipande kirefu cha shuka jeupe. Wanawake wanalia, mwenye nyumba analia, kuna shuka jeupe: jirani wa kwanza aliyechungulia juu ya ukuta hakuhitaji maelezo zaidi. Alijipiga kifua na kuingia akiomboleza.

Katika Katuba habari ya kilio haihitaji simu, lakini siku hiyo simu nazo zilitumika. Kabla sijapata pumzi ya kueleza, viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa, mama mmoja alikuwa ameanzisha wimbo wa kanisani, na mzee wa mtaa alikuwa amefungua daftari la michango na kuandika majina kwa mwandiko mzuri. Nilijaribu kusema kwamba hakuna aliyekufa, lakini koo lilitoa mlio tu, na mzee akanishika bega akaniambia, "Lia, mwanangu, usizuie."

Aliyefika kwa kasi kuliko wote alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari. Kuna mtu alikuwa amempigia simu na kumwambia kwamba kwa dada yake kuna msiba, na kwamba ni mama. Alishuka kwenye pikipiki akiwa na koti jeusi juu ya shati lenye vumbi la chaki, akapiga magoti langoni, akainua macho, akamwona mama yake ameketi kwenye kiti cha plastiki akiuliza ni nani aliyelikata shuka lake.

Sitasimulia kimya kilichofuata. Shemeji alinusa hewa, akageuza kichwa taratibu kuelekea kwangu, kama wanavyofanya walimu mwanafunzi anapodondosha chupa ya maabara. Aliingia ndani, akafungua madirisha, akatoka na fimbo yangu pamoja na ndoo ya vitambaa vya bluu.

"Shemeji, ncha hii ni ya nini?"

"Ni ya shaba ya manjano," nilimjibu kwa sauti iliyoanza kurudi, na hata wakati huo, Mungu anisamehe, kulikuwa na majivuno kidogo. "Fundi alinichongea."

"Na amonia inakula nini?"

Hakusubiri jibu. Alitumbukiza ncha ile kwenye glasi yenye mabaki ya amonia, akaiweka juu ya meza mbele ya waombolezaji wote, akaketi. Watu walidhani ni sehemu ya ibada na wakanyamaza. Baada ya muda maji yaliyoizunguka ncha yakaanza kuwa bluu, bila bunduki, bila mtutu, bila Ubelgiji. Kwa siku nne nilikuwa nikisugua fimbo yangu mwenyewe na kuhesabu kinyesi chake.

Usiku ule alinichongea ncha ya mti mgumu, na kitambaa cha kwanza tulichokipitisha kilitoka cheupe kabisa. Huenda mtutu ulikuwa umetakata tangu siku ya pili. Tuliusuuza kwa maji ya moto, maana risasi za zamani huacha pia chumvi inayovuta unyevu na kuzaa kutu, tukaukausha na kuupaka mafuta. Alipokuwa akiifuta bunduki, shemeji aligeuza skrubu mojawapo ya zile mbili zinazoshika chuma na mbao. Aliigeuza kwa ukucha. Alinitazama, hakusema neno, akaikaza. Jumamosi risasi tano zilitua mahali ambapo kiganja kimoja kingezifunika, na hadi leo sijui kama tiba ilikuwa ni kuondoa shaba au kukaza skrubu, wala shemeji hakubali kulijadili suala hilo tukiwa mezani.

Iliyobaki ilikuwa michango. Nilipita nyumba kwa nyumba na daftari kuwarudishia watu faranga zao, na kila mlango ulinijibu vivyo hivyo: pesa ya kilio hairudi, ikirudi itakuja na kilio chenyewe. Mke wangu aliamua kwamba kwa kuwa fedha hizo zilitolewa kwa ajili ya mama, mama ndiye atakayezila. Nilimpeleka mama mkwe dukani, nikasimama nje, kama adabu inavyotaka, mpaka alipotoka na shuka jipya kwapani, amelichagua mwenyewe baada ya kupekua rafu nzima. Lilikuwa la bluu. Alimwagiza mke wangu aniambie kwamba nikilikata hilo, sitaona chochote.